Ndoo Mbili za Rangi

Masomo: Mwanzo 13:5-12, Waroma 14:1-6

Leo naanza na jambo la nyumbani mwangu. Mke wangu ameniruhusu kulisema.

Mama mkwe wangu, mjane, alikuja kuishi nasi hapa Kolwezi. Chumba chake kilikuwa tayari, kilibaki kupakwa rangi tu. Mke wangu alitaka krimu. Mimi nilitaka ile ambayo wauzaji wanaita blan kase, nyeupe yenye umanjano kidogo sana. Ukisimama mlangoni, hutaona tofauti.

Fundi akapaka kipande cha kila moja ukutani. Alifanya vizuri, maana rangi iliyo ndani ya ndoo si ile utakayoiona ikisha kukauka, na ya asubuhi si ya usiku chini ya taa. Mke wangu akasema: wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la malori ya migodi litaonekana upesi kwenye nyeupe. Mimi nikasema: dirisha ni dogo, na umeme unakatika, nyeupe itasaidia mwanga. Sote wawili tulisema kweli. Ndiyo maana hakuna aliyenyamaza.

Siku tisa! Na siku hizo zote mama alilala saloni, kwenye godoro alilolikunja kila alfajiri kabla sijapita. Ninyi mnajua desturi zetu: mama mkwe kulala kwenye njia ya mkwe wake ni aibu. Siku ya sita nikatangaza kwamba nitafunga, nimwombe Mungu ishara. Gideoni aliomba ishara, ndiyo, lakini yeye alikuwa anakwenda kupigana na Wamidiani. Mimi nilitafuta Mungu wa kunisaidia kumshinda mke wangu.

Siku ya tisa mama akamwambia binti yake, si mimi: «Nirudisheni kijijini. Rangi ikikauka, mtaniita.»

Usiku ule nilisoma Mwanzo 13. Abramu ndiye mkubwa, ahadi ni yake, lakini wachungaji walipogombana alimwachia Loti achague kwanza. Nilikuwa nimehubiri andiko hilo mara nyingi, na sikuwahi kulifikisha nyumbani kwangu. Na Paulo, akiwaandikia Waroma juu ya vyakula na siku, hakusema nani apewe ushindi. Aliwauliza kwa nini wanamhukumu ndugu yao.

Dhambi hatuipigii kura, wapendwa. Lakini krimu si dhambi.

Asubuhi nilimwomba mama msamaha, kisha nikamwambia mke wangu aite fundi na kumwonyesha ndoo anayoitaka. Jumamosi mama alilala chumbani mwake. (Mimi bado naona blan kase ingefaa zaidi.)

Wewe unayenisikiliza kule Manika au Dilala, ikiwa kwenu kuna ndoo mbili zinazongoja, kwanza angalia ni nani analala saloni. Tuombe.