Meno ya Tupa

Mvua inapokaribia, majembe ya Mbulu na Hanang yanahitaji makali, na kazi hiyo ni ya tupa. Kwa jembe na panga inafaa tupa bapa. Msumeno wa mbao unataka ya pembe tatu. Tupa ya mbao, yenye meno makubwa yaliyochongwa mojamoja, huchonga mpini wala haifai kugusa chuma.

Meno yameelekea mbele. Kwa hiyo mnoaji husukuma kwa nguvu, kisha huinua tupa anaporudi; anayeisugua mbele na nyuma huyaua meno hayo upesi, na inasikitisha kuona tupa mpya ikiishia hivyo. Mpini nao ni lazima, maana mkia mtupu huchoma kiganja.

Chaki ikipakwa kwanza, vumbi la chuma halinati. Lililonata huondolewa kwa brashi ya waya, kufuata mifereji ya meno. Mafuta yasipakwe: tupa itateleza.

Tupa ihifadhiwe pakavu, imefungwa kitambaa, mbali na nyingine. Chuma chake ni kigumu lakini huvunjika kikidondoka. Ikichakaa, mhunzi huifua upya ikawa kisu.