Grupu na Nyumba: Namna ya Kuunga Jenereta Bila Kurudisha Umeme kwenye Laini



Kituo cha umeme cha Tshopo, kinacholisha mji wetu, kilianza kazi miaka ya 1950. Kina mitambo mitatu, na uwezo wake wote ni karibu megawati 19, wakati mji umeendelea kukua. Mtambo mmoja ukiharibika, shirika la umeme, SNEL, huugawa kwa zamu: komini ya Mangobo ikipata, ya Kabondo inakaa gizani. Ndiyo sababu grupu, yaani jenereta, zinanguruma kila mtaa, na sina ugomvi nazo. Ninachokipinga ni namna tunavyoziunga na nyumba.

Njia iliyozoeleka ni waya wenye plagi dume pande zote mbili. Upande mmoja kwenye grupu, mwingine kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Lakini nyaya za nyumba hiyo zimeungwa na mita, mita na nguzo, nguzo na kabini ya transfoma. Transfoma haichagui upande: ikipewa volti 220 kutoka nyumbani, hutoa maelfu ya volti upande wa pili. Fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa anakutana na umeme uliotoka sebuleni mwa mtu.

Wengine hujibu kwamba grupu ndogo haiwezi kubeba mtaa mzima, itazimika yenyewe. Mara nyingi ni kweli. Ila laini ikikatika karibu na kwako, hakuna mzigo wa mtaa wa kuizima, na hiyo hasa ndiyo laini ambayo fundi anakuja kutengeneza. Tarehe 2 Februari 2022 waya wa umeme mkubwa ulianguka katika soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, ukaua watu 26, wengi wao akina mama wauzaji. Ajali hiyo haikuhusiana na grupu. Naitaja kwa sababu waya ulioanguka hauonyeshi kwa macho kama una moto au hauna.

Kuna pia wanaosema, “Nitazima kwanza disjonteri kuu.” Leo utazima. Kesho uko safarini, na anayewasha grupu ni kijana wako wa miaka kumi na minne, usiku, mvua inanyesha. Na hapa kwetu umeme hurudi bila taarifa: ukikuta grupu imeungwa, unaichoma. Plagi dume ikichomoka ukutani, meno yake yako wazi na yana volti 220, mbele ya mtoto.

Dawa ni swichi ya kubadilishia yenye nafasi tatu, 1, 0 na 2, ambayo mafundi wetu huiita inverseri. Hufungwa baada ya mita na disjonteri kuu, kabla ya tablo ya nyumba. Moja ni SNEL, mbili ni grupu, sifuri ni kuzima, na kwa umbo lake haiwezi kushika pande mbili kwa pamoja. Lazima ikate fezi na nyutro zote mbili; ikikata fezi peke yake, nyutro bado inaiunganisha nyumba na laini. Nyumba ya fezi tatu inahitaji swichi ya poli nne, inayokata fezi zote tatu na nyutro.

Pimeni mzigo pia. Grupu ya kVA 2.5 hutoa takriban kilowati 2, na friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Taa, friji na televisheni vinatosha. Pasi na resho vingoje SNEL.

Asiye na pesa ya swichi asiguse nyaya za nyumba kabisa. Avute ralonji nzito kutoka grupu hadi kwenye friji na taa zake.

Najua wengi huingiza grupu ndani kwa kuogopa wezi. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, na huua watu usingizini. Barza iliyozibwa haifai pia. Grupu ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, ifungwe mnyororo kwenye zege. Na mafuta mliyonunua kwa kadhafi, wauzaji wa barabarani, yasimiminwe mpaka injini ipoe.

Mafundi, hapa kwetu waya wa plagi dume mbili hautoki kiwandani, tunautengeneza sisi. Mteja akiuagiza, mkatalieni, mwelezeni sababu, kisha mpeni bei ya inverseri.