Diski Haionekani na Nani? Kiswahili na Uchunguzi wa Hitilafu za Viendeshi katika Linux

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umetawaliwa kwa muda mrefu na swali la jina la mashine yenyewe: iitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi? Watumiaji wa Tanzania wamekwisha kulijibu bila kusubiri uamuzi wa wanazuoni, kompyuta imeshinda. Swali zito zaidi halijajadiliwa ipasavyo, nalo ni la maneno aliyonayo mtu pale mashine inapogoma. Mhadhara huu unahusu mgomo wa aina moja: ule ambao mfumo wa Linux unashindwa kuifikia diski kwa sababu ya kasoro katika kiendeshi cha kidhibiti chake.

Chukuliwe mwalimu wa sekondari aishiye Bonga, kata ya Mji wa Babati iliyo kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma, ambayo kipande chake cha Mela hadi Bonga kilizinduliwa mwaka 2018. Mwalimu huyo ana kompyuta ya mtumba. Ameweka Linux kwa kuwa haina ada ya leseni, na ndani yake mna alama za wanafunzi za miaka mitatu. Asubuhi moja, baada ya mfumo kujisasisha, kioo kinabaki cheusi na maandishi meupe ya Kiingereza. Anaipeleka mjini. Fundi anaitazama, kisha anasema, “Mwalimu, diski haionekani. Hapa ni kufomati tu.”

Sentensi hiyo ya fundi ni Kiswahili safi, na hatari yake imo katika usafi huo. Kitenzi *onekana* kimo katika kauli ya kutendeka, kauli ambayo kwa kawaida haimtaji mtenda. *Kikombe kimevunjika* haisemi nani amekivunja, na katika maisha ya nyumbani hiyo ni adabu njema, kwani huwaokoa wengi na ugomvi. Katika uchunguzi wa hitilafu, hata hivyo, mtenda aliyefichwa ndiye anayetafutwa. Diski haionekani na nani? Waonaji ni zaidi ya mmoja, nao hupokezana.

Mwonaji wa kwanza ni programu ya awali iliyomo katika ubao mkuu, ambayo huamka kabla ya Linux. Ikiwa hiyo nayo haiioni diski, lawama iende kwenye waya, umeme, mipangilio ya ubao au diski yenyewe. Linux haijaingia bado. Mwonaji wa pili ni kiini cha Linux, ambacho kwanza hukitambua kidhibiti, yaani saketi inayopokea maombi ya kusoma na kuandika na kuyafikisha kwenye diski. Amri ya *lspci -k* huorodhesha vifaa hivyo na kutaja kiendeshi kinachotumiwa na kila kimoja. Kidhibiti kikitajwa bila kiendeshi, tatizo limepatikana: kiini kinajua kwamba mlango upo, ila hakina ufunguo. Kiendeshi kikiwapo lakini kumbukumbu za kiini, zisomwazo kwa *dmesg*, zimejaa taarifa za muunganisho kukatika na kuanzishwa upya, basi fundi ashuku kwanza waya na umeme kabla ya kushuku programu.

Mwonaji wa tatu husahaulika mara nyingi, nako ndiko mkasa wa mwalimu ulikoelekea. Kiini huhitaji kiendeshi ili kuisoma diski, lakini kiendeshi chenyewe huenda kimehifadhiwa ndani ya diski hiyo hiyo. Ili kuutegua utata huo, mifumo mingi ya Linux huanza na mfumo mdogo wa muda, uitwao *initramfs*, unaopakiwa kwenye kumbukumbu ukiwa na viendeshi vya lazima. Usasishaji ukikatika katikati (na umeme hukatika) mfumo huo mdogo unaweza kutengenezwa pungufu. Diski ni nzima na alama za wanafunzi zimo. Kilichokosekana ni kiendeshi katika hatua ya kwanza. Tiba yake ni kuchagua kiini cha zamani katika orodha ya kuanzia, au kuiwasha mashine kwa Linux iliyomo katika flashi, kunakili kazi zote kwanza, kisha kuutengeneza upya mfumo ule mdogo. Kufomati kungefuta kila kitu ili kuponya kisichougua.

Kazi ya kiendeshi hufahamika vyema ikilinganishwa na ukalimani. Babati ni mahali pa kufaa kuieleza, kwani Wagorowa, Wairaqw, Wadatoga, Warangi na Wambugwe wanakutana sokoni na lugha zao ni za familia tatu zisizoelewana hata kidogo. Kwa miaka mingi vidhibiti navyo vilikuwa hivyo: watengenezaji wengi walikuwa na lugha zao, na kila lugha ilihitaji mkalimani wake. Sanifu ya AHCI, iliyotolewa mwaka 2004, ikaleta lugha ya mawasiliano, na kiendeshi kimoja kiitwacho *ahci* kikaweza kusema na vidhibiti vya kampuni nyingi. Lakini zipo kompyuta ambazo mipangilio ya ubao huvifunika vidhibiti hivyo kwa hali iitwayo RAID; Linux huenda isizione diski za ndani hadi hali hiyo irudishwe kuwa AHCI. Wenye Windows katika diski hiyo hiyo waiandae kwanza, la sivyo itakataa kuwaka.

Wanaisimu watavutiwa zaidi na kisa cha majina. Zamani diski ya IDE iliitwa *hda* katika Linux. Mwaka 2006 viendeshi vipya vya diski hizo vilipoingizwa katika kiini, diski ile ile iliyotumia viendeshi hivyo ikaanza kuitwa *sda*. Kwenye mashine ambazo mafaili ya mipangilio yalitaja jina la zamani, mfumo ulitafuta diski isiyokuwapo huku diski ikiwa mbele yake. Kosa lilikuwa la kirejelewa: jina lililodhaniwa kuwa la pekee lilikuwa kumbe maelezo ya nafasi na njia ya kufikia, kama kusema “nyumba ya tatu kutoka kisimani”. Dawa ilikuwa kuvitambua vigawanyo vya diski kwa namba ndefu ya utambulisho, UUID, isiyobadilika hata njia ikibadilika. Viendeshi vya zamani vya IDE viliondolewa kabisa katika toleo la 5.14 la mwaka 2021.

Kuhusu istilahi zenyewe, *kiendeshi* hubebeshwa mizigo miwili: kifaa cha diski na programu inayokihudumia. Inafaa kipunguziwe mmoja. Dhana ya kuendesha diski ilitokana na mota inayoizungusha. Diski nyingi za kisasa hazina kinachozunguka, kwa hiyo *diski* inatosha, na *kiendeshi* kibakie kwa programu. Mafundi husema *draiva*, na si kosa. Neno hilo la Kiingereza lilikwisha kuingia Kiswahili zamani likawa *dereva*, likachukua upatanisho wa watu. Sasa limebisha hodi mara ya pili kwa sura nyingine, na *draiva imegoma* haiwezi kuchanganywa na *dereva amegoma*. Lisilofaa ni *kidhibiti hifadhi*. Katika mkoa wenye Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, wengi watafikiri ni askari wa wanyamapori. *Kidhibiti cha diski* kinaeleweka.

Jitihada za kuifanya programu huria izungumze Kiswahili zina historia ya heshima. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004. Lakini tafsiri ya aina hiyo hufikia menyu na madirisha. Ujumbe wa kiini cha Linux hautafsiriwi. Hutoka kwa Kiingereza kwa kila mtu duniani. Hivyo Kiswahili humsindikiza mtumiaji wakati wa raha na kumwacha mlangoni wakati wa shida.

Kuzitafsiri taarifa zote za kiini si kazi ya busara, kwani hubadilika kila toleo na mafundi wa mataifa yote huzitafuta kwa maneno yake asilia. Kinachowezekana ni mwongozo mfupi wa kuzisoma, ulioandikwa kwa Kiswahili kinachomtaja mtenda na kuutumia vizuri utajiri wa nyakati wa lugha hii. *Kiendeshi hakijapakiwa* humwambia fundi kwamba hatua bado inawezekana. *Kiendeshi hakikupakiwa* humwambia kwamba hatua imepita na sababu itafutwe nyuma. *Kiendeshi kimekataliwa na kiini* humwonyesha aliyekataa. Na mahali pa “diski haionekani” paandikwe: “Ubao unaiona diski; kiini bado hakijaiona.” Fundi akiyasoma maneno hayo, ataanza kwa kuuliza kiendeshi kiko wapi.