Bitcoin: Wamekataza, kodi wanachukua, ukilizwa shauri yako

Haya ni maneno ya mwandishi wetu wa kujitegemea aliyoyasema mbele ya vijana wa kijiwe kimoja cha Kariakoo, Dar es Salaam. Tumeyachapa kama yalivyotoka kinywani mwake, isipokuwa matusi machache ambayo mhariri ameyameza.

Nimeambiwa nizungumzie Bitcoin. Mimi si mchumi, nimeishia kidato cha nne na nauza habari kwa magazeti ili nile. Hii kitu nimeijua kwa mlango wa uani, yaani kwa kufuatilia vijana walivyolizwa. Mtu akilizwa hueleza vizuri sana mambo ambayo hakutaka kuyasikia kabla hajalizwa.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu sheria, maana kesho asije kigogo akasema gazeti la upinzani linatuma vijana kuvunja sheria. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini na kwamba kuzifanyia biashara ni kwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza kufungua jengo la Benki Kuu hiyo hiyo, akawaambia wajiandae, dunia inakwenda huko. Halafu ikaja Sheria ya Fedha ya 2024. Humo mwenye jukwaa la kubadilishia sarafu hizi anatakiwa akate asilimia 3 ya malipo anayopewa muuzaji. Ya malipo, ndugu zangu, siyo ya faida. Umeuza kwa hasara, unakatwa. Na wakati kodi hiyo inaanza, tangazo la 2019 lilikuwa halijafutwa. Mkono wa kulia unakataza, wa kushoto unadai chake. Wenzetu wa Kenya mwaka 2025 walitunga sheria ya kuwapa leseni na kuwasimamia wenye majukwaa haya, ili mwananchi ajue nani wa kumshika shati.

Mnaona kinachotokea kwa mlalahoi? Umeibiwa Bitcoin, unakwenda kituoni. Unaandikisha nini? Kwamba nilikuwa nauza kitu ambacho Benki Kuu imekikataza? Wizi ni wizi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, lakini kijana anasita, anaona aibu, anaogopa kuwekwa ndani yeye badala ya mwizi. Tapeli anakijua kigugumizi hicho kuliko anavyojua kusoma. Mtaji wake ndio huo. Kwa hiyo sijaja kumwambia mtu anunue. Nimekuja kwa sababu nawajua, wengine mmeshanunua.

Bitcoin yenyewe ni daftari. Fikirieni mchezo wa kina mama wa mtaani: kijumbe ndiye mwenye daftari, yeye ndiye anajua nani katoa na nani kapokea, na akikimbia mchezo umekufa. Aliyebuni Bitcoin alijiita Satoshi Nakamoto, na hakuna ajuaye kwa hakika ni nani. Alitoa maelezo yake Oktoba 2008, na mtandao ukaanza Januari 2009. Alichotaka ni mchezo usio na kijumbe. Daftari liko wazi, nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, na kila baada ya dakika kama kumi ukurasa mpya unaongezwa. Sarafu hazitazidi milioni 21, na kila moja inakatwa vipande milioni 100. Kwa hiyo anayekwambia huwezi kununua mpaka uwe na bei ya nyumba anakuzuga, hata ya elfu kumi inapatikana.

Mchezo usio na kijumbe una ubaya wake: hakuna wa kumlilia. Ukituma, umetuma. Hakuna namba ya huduma kwa wateja, hakuna meneja wa tawi, hakuna kurudisha muamala. Na bei yake ina kichaa. Aliyenunua Novemba 2021 ilipokuwa karibu dola 69,000 aliiona mwaka mmoja baadaye ikiwa chini ya 16,000. Aliyevumilia akaiona inavuka 100,000 Desemba 2024 na 126,000 Oktoba 2025. Sasa wewe uliyetia mtaji wa mitumba na kodi ya chumba ya miezi sita, utavumilia kwa kula nini?

Tuje kwa wezi. Wizi mkubwa kuliko wote ni wa kuuziwa kitu kisichokuwepo. Wakubwa hapa wanaikumbuka DECI: unapanda mbegu, unavuna, mpaka serikali ilipoifunga 2009 na watu wakabaki na stakabadhi. Wazungu walikuwa na DECI yao iliyovaa suti, ikiitwa OneCoin. Ilianzishwa 2014 na mama mmoja msomi, Ruja Ignatova, makao yake Sofia, Bulgaria. Juni 2016 alisimama Wembley Arena, London, akishangiliwa na umati kama mwanamuziki, akisema sarafu yake itaizika Bitcoin. Watu walinunua mpaka vijijini Uganda, watu wa jembe kama wazazi wetu, na wao wakawaingiza jirani zao ili wapate kamisheni. Oktoba 2017 mama akapanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens, na mpaka Wamarekani wanamtia katika orodha yao ya wahalifu kumi wanaosakwa zaidi mwaka 2022, hakuna aliyekuwa amemtia machoni. Mwenzake, Karl Sebastian Greenwood, alipigwa miaka 20 New York mwaka 2023. Zaidi ya dola bilioni 4 zilikwenda. Na daftari la wazi la OneCoin? Halikuwapo. Ile namba ya utajiri ambayo watu walikuwa wanaiona kwenye skrini ilikuwa inaandikwa tu, kama mwalimu anavyoandika maksi za mwanafunzi wake mpenzi.

Hapo ndipo pa kumkamatia tapeli. Bitcoin ya kweli inatoka. Unaweza kuihamisha kutoka kwake kwenda kwenye pochi yako mwenyewe na ukaiona katika daftari ambalo dunia nzima inaliona. Akikwambia lipa kwanza kodi ya kutolea, au ada ya kufungulia akaunti, au lete watu watatu ndipo utoe, jua umekwisha kuingizwa mjini, na usiongeze hata mia. Ila msidanganyike na jambo moja: wengi wao hukuacha utoe laki moja ya kwanza, tena haraka na kwa tabasamu, maana wanajua utarudi na milioni, na utakuja na shemeji yako.

Sasa kununua na kuuza kwenyewe. Wengi wenu mnanunua mtu kwa mtu. Jukwaa linazishikilia sarafu za muuzaji, mnunuzi anatuma hela kwa simu, muuzaji akithibitisha kwamba kapokea, jukwaa linaziachia. Ni utaratibu mzuri ukifuatwa. Mshikaji wangu mmoja anauza spea za simu, hapa hapa mjini. Alikuwa anauza Bitcoin ya laki nane, saa saba usiku, kachoka. Meseji ikaingia: umepokea shilingi 800,000 kutoka kwa fulani, namba ya muamala hii, salio lako jipya ni kadhaa. Imeandikwa safi kabisa kama zile za kampuni ya simu. Akaachia. Salio aliliangalia asubuhi alipotaka kununua vitafunwa. Ile meseji ilikuwa imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu! Sote tunajua kucheka zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", tunajiona wajanja, kumbe ni ndugu yake huyo huyo, kavaa vizuri tu.

Kwa hiyo ukiuza, meseji si hela. Skrinshoti si hela. Hela ni salio, unaloliangalia mwenyewe kwa kuingia kwenye menyu ya simu yako na kuweka namba yako ya siri. Mnunuzi akikuharakisha, kwamba yuko kwenye daladala, mgonjwa yuko Muhimbili, mwache aharakishe. Jukwaa lina muda wake na lina sehemu ya kulalamikia.

Halafu jina. Umeelewana na Juma, hela inaingia kwa jina la Rehema. Usiachie. Huyo Rehema huenda ni mama wa watu ambaye dakika tano zilizopita kadanganywa kwamba mwanawe amekamatwa, na hela aliyotuma ndiyo hiyo unayoipokea wewe. Kesho atalalamika, laini yako itafungiwa, na polisi wataanza na mwenye namba iliyopokea. Yule Juma hayupo. Na wewe unayenunua, ukiambiwa "toka huku tumalizane WhatsApp nikupunguzie bei", elewa anachokuomba: anaomba utoke mahali ambapo sarafu zake zinashikiliwa, uende mahali ambapo hazishikiliwi na mtu. Kukutana ana kwa ana na fedha taslimu mfukoni ndiyo sitaki hata kulizungumza. Mji mnaujua.

Umenunua. Unaweka wapi? Vijana wengi wanaiacha kule kule jukwaani, wanaona ni benki. Siyo benki. Mt. Gox ya Tokyo ilikuwa soko kubwa kuliko yote duniani, ikaanguka Februari 2014 ikidai zimepotea sarafu 850,000. Wadai wake walianza kurudishiwa sarafu Julai 2024, miaka kumi! FTX ilikuwa inatangazwa na wacheza mpira na waigizaji, ikafa Novemba 2022 kwa wiki moja hivi, kumbe fedha za wateja zilikuwa zinachotwa, na bosi wake Sam Bankman-Fried akahukumiwa miaka 25 Machi 2024. Ukiiacha kwao, ulichonacho ni ahadi yao.

Pochi yako mwenyewe ni programu ya simu, au kifaa kidogo kama flashi. Ukiifungua mara ya kwanza inakupa maneno 12 au 24 kutoka katika orodha ya maneno 2,048. Hayo maneno ndiyo mali yenyewe, simu ni ganda tu. Kibaka wa bodaboda akikupora simu hapa Msimbazi, unanunua nyingine, unaandika maneno yako kwa mpangilio ule ule, sarafu zinarudi. Lakini mtu akiyaona hayo maneno kwa dakika mbili, si zako tena, hata kama simu umeikumbatia. Kwa hiyo usiyapige picha, maana picha za simu zinapanda mtandaoni zenyewe. Usijitumie WhatsApp. Andika kwa kalamu kwenye karatasi, nakala mbili, sehemu mbili. Sisi tunaishi nyumba za kupanga, mvua ya masika ikija maji yanaingia mpaka kitandani, kwa hiyo nakala moja ifungwe kwenye nailoni na ikae kwa mtu unayemwamini kama mama, huko aliko, ndani ya bahasha iliyobandikwa. Na umwambie ni nini. Ukifa bila kusema, umekufa nazo.

Hakuna mtu yeyote duniani mwenye haja halali ya kukuomba maneno hayo. Wale wa Telegram wanaojiita huduma kwa wateja, wenye nembo na lugha ya adabu, ni vibaka waliooga. Na ukinunua kile kifaa, nunua kwa mtengenezaji au wakala wake anayejulikana, siyo kilichofunguliwa. Kikija na maneno yameshaandikwa kwenye kikaratasi, yameandikwa na mtu anayesubiri uweke hela ndipo achukue. Jukwaani nako usitegemee namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji peke yake, maana laini inaweza kusajiliwa upya na mwingine. Tumia programu ya kutengeneza namba hizo ndani ya simu yako. Na unapotuma, kuna virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili, kwa hiyo soma herufi za mwanzo, za katikati na za mwisho, kisha tuma kidogo kwanza.

Ila sitaki niwadanganye kwamba pochi yako haina gharama. Ada ya mtandao haihesabiwi kwa kiasi unachotuma, inapanda kwa foleni. Tarehe 20 Aprili 2024 wastani wake ulipita dola 100 kwa muamala mmoja. Siku nyingi ni ndogo mno kuliko hiyo, lakini mwenye ya elfu ishirini akikutana na foleni ameliwa yote. Kwa vijisenti, kuviacha jukwaani kwa muda si dhambi, ilimradi ujue unachokifanya.

Mwisho, kwa waliokwisha lizwa, na humu mpo, naona mnavyoangalia chini. Atakuja mtu mtandaoni, mpole, atasema yeye ni mtaalamu wa kurudisha Bitcoin zilizoibiwa, lipa kidogo tu aanze kazi. Huyo ni yule yule au ni mshirika wake, kanunua orodha ya majina yenu. Namba ya tapeli itume 15040, hela za simu piga kampuni yako ya simu dakika hiyo hiyo wakazizuie kabla hajazitoa kwa wakala, na kituoni uende, aibu au hakuna aibu. Wakiuliza ulikuwa unafanya biashara gani, waambie ile inayokatwa asilimia 3.

Haya, maswali. Wewe wa jezi ya Yanga umenyoosha mkono muda mrefu, anza. Wa Simba asubiri, kazoea.