Kinga ya Ajali ni Globu
(Maneno tuliyowaambia madereva)

Ndugu madereva,

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Leo twasema hapana: kinga moja ni globu. Gari lenye taa moja ya mbele, anayekuja usiku hulidhani pikipiki. Huliachia nafasi ya pikipiki, na hapo ndipo watu hufa.

Basi kila jioni kabla ya safari tulizunguke gari. Tuwashe taa ndogo, taa kubwa na indiketa za pande zote mbili. Indiketa ikiwaka na kuzima mbio kuliko kawaida, aghalabu globu moja imekufa. Aliye peke yake na alisogeze gari, nyuma lielekee ukutani, akanyage breki, autazame wekundu wa taa kwa kioo chake.

Kubadili globu si kazi ya fundi tu. Tuzime taa, tungoje globu ipoe, tusome maandishi yake: gari dogo ni volti 12, malori mengi ni volti 24. Globu ya nyuma ya wati 21/5 ina nyuzi mbili, na ile yenye nguvu ni ya breki. Vipini vyake havilingani kimo, kwa hiyo tusiilazimishe. Globu ya halojeni tuishike kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole huiharibu ikipata moto. Mpya isipowaka, tutazame fyuzi na kutu.

Ndugu, mwenye kwenda kwa miguu kando ya barabara hana ngao ila taa zetu. Tusimnyime!