TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: MASOMO YA JIONI KWA WATOTO WALIOACHWA NYUMA



Haya ndiyo maneno ambayo Kamati ya Tawi iliyasoma Jumamosi kwenye mkutano wa wanachama. Tunayatuma hapa kwa sababu wengine mlikuwa kazini na wengine msibani. Mwenye simu amsomee jirani asiye nayo.

Tuanze na kosa letu. Mwezi uliopita tulikwenda kugawa madaftari kwa watoto wa mtaa wetu. Picha tulizituma humu na mkatupongeza. Siku ile mzee wetu mmoja alimwomba mtoto wa darasa la nne asome maneno yaliyoandikwa kwenye jalada la daftari alilopewa. Mtoto alilitazama jalada, akamtazama mwenzake aliyesimama pembeni. Mwenzake akamnong'oneza. Naye akatamka kwa sauti, nasi tukapiga makofi. Tuliokuwa karibu tulisikia alivyonong'onezwa. Tulinyamaza, tukaendelea kugawa.

Ndugu zetu, tulimpa daftari mtoto asiyeweza kulitumia, kisha tukampigia makofi. Jambo hilo limetusumbua, ndiyo maana tumelileta kwenu.

Tulikwenda kuzungumza na walimu na wazazi. Hatukwenda kukagua, maana hiyo si kazi ya chama. Tulichosikia ni kwamba mtoto yule hayuko peke yake, na sababu hazifanani. Mmoja aliugua muda mrefu akiwa darasa la kwanza. Mwingine alihama na mama yake mara tatu. Mwingine kwao kinazungumzwa kilugha tu, Kiswahili alikikuta shuleni. Mwingine haoni vizuri ubaoni na hajawahi kupimwa macho. Mwingine anakwenda shule na njaa.

Msimlaumu mwalimu haraka. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na ninyi wenyewe mnajua madarasa yetu yamejaa kiasi gani. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shule, na hilo ni jema. Lakini kuandikishwa ni jambo moja na kujua kusoma ni jambo jingine. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hufuata muhtasari. Mtoto aliyekosa silabi darasa la kwanza hafundishwi silabi darasa la tatu. Anakaa nyuma, ananakili ubaoni michoro asiyoielewa, na mwandiko wake unaweza kuwa mzuri sana. Mzazi akifungua daftari anaona limejaa, anaridhika.

Wenye uwezo wanalipia tuisheni. Mtoto wa mama anayechoma mahindi stendi hana tuisheni. Huyo ndiye tunayemzungumzia leo.

Kwenye mkutano zilitolewa hoja tatu za kupinga. Tunazijibu hapa kwa heshima, maana waliozitoa ni wenzetu na hoja zao ni nzito.

*Hoja ya kwanza: hii ni kazi ya serikali, tukiifanya sisi tunaificha aibu.* Ni kweli ni kazi ya serikali, na hatutaacha kudai walimu na madarasa kwenye vikao vya kata. Lakini mtoto wa darasa la nne hawezi kusubiri ajira mpya za walimu. Mwaka huu anakabiliwa na upimaji wa kitaifa, na mtihani hautamuuliza ikama ya walimu shuleni kwake ilikuwaje. Tudai huku tukifundisha.

*Hoja ya pili: sisi si walimu.* Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Waliowafundisha bibi na babu zetu kusoma, chini ya miembe na kwenye mabaraza, wengi hawakuwa walimu wa chuo. Walikuwa makarani, mabwana shamba na vijana waliomaliza darasa la saba.

Nchini India shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai miaka ya 1990, limetumia vijana wa kujitolea kufundisha kusoma. Jambo lao kubwa ni moja: huwapanga watoto kwa kile wanachokijua, si kwa darasa wala umri. Asiyejua herufi hukaa na wenzake wasiojua herufi, hata kama mmoja yuko darasa la pili na mwingine la tano. Wachumi waliofuatilia kazi hiyo, akiwemo Esther Duflo aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, waliona kwamba watoto waliohudhuria kambi za kusoma vijijini walisonga mbele. Lakini waliona na jambo la pili: watoto wengi waliohitaji hawakuhudhuria. Kambi ilifunguliwa, wakaja wachache. Tuliweke moyoni hilo.

*Hoja ya tatu: watasema tunanunua kura kwa watoto.* Hii ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote. Wapo waliotaka masomo yafanyike ofisi ya tawi ili watu wajue ni kazi ya nani. Kamati imekataa. Mzazi wa chama kingine hatamleta mwanawe chini ya bendera yetu, na mtoto hana chama. Tukimfundisha wa kwetu tu, tutakuwa tumewagawa watoto wanaocheza pamoja.

Kwa hiyo tumeamua yafuatayo.

1. Masomo yatakuwa Jumanne na Alhamisi, saa 10 hadi saa 11 na nusu jioni, kwenye baraza la ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa amekubali, na mwalimu mkuu amearifiwa. Watoto wote wanakaribishwa, bila malipo yoyote.

2. Hakuna fulana za chama, bendera, nyimbo wala picha. Atakayepiga picha ya mtoto pale na kuituma popote, hata humu, hataruhusiwa kurudi.

3. Kila mtoto atapimwa peke yake siku ya kwanza: herufi, kisha silabi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi. Pale anapokwama ndipo atakapoanzia. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, hivyo aliyeshika ba, be, bi, bo, bu ameshika ufunguo. Wengi hukwama kwenye mb, nd, ng', ny, mw na kw. Tutakaa hapo mpaka pafunguke. Kwa hesabu tutatumia vizibo vya soda na vijiti vilivyofungwa kumi kumi, ili mtoto anayetoa 17 kwenye 32 aone kwa mikono yake kwa nini anafungua fungu moja la kumi.

4. Wakati wote watakuwepo watu wazima wawili au zaidi, mahali pa wazi. Hakuna kiboko. Hakuna kumwita mtoto mbumbumbu, hata kwa utani. Hakuna kumpeleka mtoto nyumbani kwa anayefundisha. Watoto wataondoka kabla giza halijaingia.

5. Fedha tulizochanga kwa ajili ya fulana na kofia zitanunua ubao, chaki, vitabu vya hadithi na unga wa uji. Tunajua wapo waliokasirika. Mliochanga kwa ajili ya fulana mna haki ya kurudishiwa. Muoneni mweka hazina kabla ya mwisho wa mwezi, na hakuna atakayewauliza sababu.

6. Baada ya wiki sita tutawapima tena. Mtoto ambaye hajasogea hata hatua moja hatutasema ni mzito. Tutakaa na mzazi wake, na kama ni macho au masikio tutamsindikiza zahanati.

Sasa tunaomba nini kwenu?

Wajumbe wa mashina, tukirudi kwenye somo la India, kazi ngumu ni yenu. Tangazo halitoshi. Mtapita nyumba kwa nyumba bila kuuliza mtu ni wa chama gani, mkae na mzazi, mmwombe amruhusu mtoto. Binti anayechota maji saa 10 hawezi kuja mpaka mama akubali ndoo isubiri. Mweleweshe mama taratibu, naye ana mzigo wake.

Vijana mliomaliza kidato cha nne na mpo nyumbani, tunawahitaji sita. Walimu wastaafu wawili watawaelekeza Jumamosi hii kabla hatujaanza. Hatutoi posho, na tunalisema mapema ili mtu asije akajisikia amedanganywa.

Wazazi wote, hata usiyejua kusoma: jioni mwambie mwanao akusomee chochote, iwe risiti, ujumbe wa simu au karatasi ya maandazi. Mguse neno moja katikati na umwombe alisome hilo peke yake. Wengi wamekariri ukurasa mzima kwa kichwa, na hapo ndipo utakapojua. Ukigundua hajui, usimpige. Amejificha miaka kwa sababu ya aibu, na ukimpiga atajificha vizuri zaidi.

Tafadhali msitaje majina ya watoto humu kundini. Mwenye taarifa ya mtoto amwone mjumbe wa shina lake ana kwa ana.

Ndugu wanachama, kazi hii haitatuletea sifa. Hatutakuwa na picha ya kuonyesha ngazi ya kata, na huenda baadhi ya wazazi watakaonufaika wasitupigie kura kamwe. Tumelifikiria hilo na tumekubali. Mtoto yule aliyenong'onezwa tumeshazungumza na bibi yake, naye ameahidi kumleta Jumanne. Tunachotaka ni siku moja asome jalada la daftari lake mwenyewe, bila mwenzake pembeni.



Imetolewa na Kamati ya Tawi
Kwa niaba ya wanachama wote