Kipimo Kimoja kwa Mafundi Wote



Siku ya Jumapili, tarehe 7 Februari 1904, moto ulizuka katika ghala moja la mji wa Baltimore, nchi ya Marekani. Upepo ukauvusha barabara, na wazima moto wa mji wakaona kuwa hawauwezi. Miji jirani ilipoitwa iliitika upesi: Washington, Philadelphia, hata New York, wakaja na mashine zao kwa gari la moshi. Walakini walipofika, wengi hawakuweza kuunganisha. Vichwa vya mipira yao havikushika katika mabomba ya Baltimore, kwa kuwa kila mji ulikuwa umechonga hesi kwa kipimo chake. Maji yapo, mipira ipo, mashujaa wapo, na mji unateketea! Moto uliendelea zaidi ya siku moja, ukala majengo zaidi ya 1,500. Idara ya vipimo ya serikali, iliyoanzishwa mwaka 1901, ilipochunguza baadaye iliona zaidi ya namna 600 za viungo vya mipira katika nchi hiyo moja.

Wala dawa ya maradhi hayo haikuwa ngeni. Tangu mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alikuwa amewataka wenye viwanda wafuate hesi za namna moja. Kabla ya hapo kila nati ilikuwa na boliti yake, kama mke na mume. Ikipotea moja, ya pili haina kazi.

Hapa petu wauza nguo walipima kwa dhiraa, kutoka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, na mnunuzi mwerevu alimtafuta muuzaji mwenye mkono mrefu. Katika kanga hasara hiyo yavumilika. Katika injini haivumiliki, maana nafasi baina ya pistoni na silinda haizidi sana unene wa unywele: ikiwa finyu injini hukwama, ikiwa pana nguvu hupotea.

Aliyewapa mafundi njia ya kulinda unywele huo ni Msuwidi Carl Edvard Johansson, mtu wa kiwanda cha bunduki cha Eskilstuna. Mwaka 1896 alifikiri kutengeneza vipande vya chuma vilivyosuguliwa hata vikawa laini kabisa, vikibanwa pamoja hushikana bila gundi. Kwa vipande 102 tu fundi aliweza kuunga vipimo kama 20,000. Basi kiwanda cha mbali kikawa chaweza kutengeneza kipuri, nacho kikaingia mahali pake bila ya tupa. Kila gari linalotengenezwa leo chini ya mwembe kwa kipuri kilichotoka ng’ambo linakula matunda ya kazi hiyo.

Chuma chenyewe nacho si mwaminifu. Fito ya mita moja hurefuka kwa kadiri ya sehemu ya mia ya milimita kila joto lipandapo digrii moja; ndiyo sababu wapimaji walipatana kupima katika digrii 20. Hata inchi ya Marekani na ya Uingereza zilipitana kidogo, kiasi cha sehemu tatu katika milioni, mpaka mapatano ya mwaka 1959 yalipoifanya inchi kuwa milimita 25.4 barabara.

Baadaye wataalamu waliacha kutegemea fito. Mwaka 1967 sekunde ilifungwa katika mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sizi, na mwaka 1983 mita ikafungwa katika mwendo wa nuru. Mwenye kuyadhani haya mchezo wa wasomi na aitazame simu yake inayomwonyesha njia. Simu hiyo husikiliza saa zilizomo katika setilaiti, na hupima umbali kwa muda ambao mawimbi yametumia kufika. Saa moja ikikosea sehemu moja katika milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300, na meli iliyokuwa ikielekezwa mlangoni mwa bandari huelekezwa mwambani.